Vifuniko Viwili

Seli hizi ni za figo ya tumbili.
Tumbili mwenyewe alikufa kabla mama hajazaliwa;
figo yake ikabaki inaishi,
chupa kwa chupa, nchi kwa nchi,
hadi chumba hiki cha nyuma, Wandegeya,
ambamo kabati la joto huitunza kwa nyuzi thelathini na saba
na mimi huiamkia kabla sijanywa chai.

Kwetu Sironko tumbili hupigwa mawe.
Hung'oa mahindi machanga, akakaa juu akatucheka.
Sasa namlisha kwa pipeti,
umeme ukikatika namkimbilia
kama mtoto mwenye degedege.

Wahenga walisema sumu haionjwi.
Mjomba Wamimbi huionja.
Huchovya ncha ya ulimi, hutema, hutikisa kichwa:
"Hii wameichakachua. Leo vifuniko viwili."
Kisha hukoroga pipa kwa mkono mtupu, hadi kiwiko,
hujitwika bomba mgongoni
na kuingia kwenye nyanya akipiga mluzi.

Dawa, tunaiita.
Ya kikohozi dawa, ya viwavi dawa,
ya panya nayo dawa.
Lugha yetu imeziweka zote rafu moja.

Krismasi nilimwibia kidogo, katika chupa ya soda.

Visima tisini na sita,
kila kimoja upana wa punje ya hindi.
Safu ya kwanza, maji. Ya pili, nusu kifuniko.
Ya tatu, kimoja.
Ya nne, kipimo cha Mjomba.
Kutwa na kucha. Halafu ile rangi ya manjano:
seli iliyo hai huila, ikaigeuza zambarau;
iliyokufa huiacha ilivyo.

Ya kwanza, zambarau,
kama ndimi za watoto msimu wa jambula.
Ya pili hivyo hivyo.
Ya tatu ilififia, gomesi iliyofuliwa mno.
Ya nne manjano.
Hakuna aliyegusa chakula.

Nilirudia Jumatano. Nikarudia Ijumaa.
Daktari Acheng akasema, seli si mtu;
mtu ana ngozi, ana ini,
usiandike usichokiona.
Kweli. Niliandika namba tu.

Usiku nikapiga simu.
"Mjomba, ulimi vipi?"
"Una ganzi asubuhi. Uzee huo."
"Na mikono?"
"Mwanangu, lori linakuja kesho,
wewe unaniuliza mikono?"

Jana mlinzi wa geti aliniita.
Kreti moja, imefunikwa majani ya mgomba,
jina langu limeandikwa kwa mkaa.
Nyanya kubwa, nyekundu, hazina doa.
Hata kiwavi mmoja hakuzionja.

Nimeziosha mara tatu.
Mafuta yamo kikaangoni,
yameanza kutoa moshi.