Barua ya Oktoba

Verna ameisoma mara tatu, miwani puani,
karatasi laini kama ulimi wa mdeni:
"Tunasikitika. Bima yako itakoma Desemba thelathini na moja."
Wanasikitika! Na sahihi yenyewe ya kupigwa chapa.

Miaka kumi na minne amelipa,
hata mwezi aliomzika Arvid.

Nje, Duluth, theluji ya kwanza inayajaribu mapaa.
Mezani kazipanga chupa kama kete za drafti:
ya presha, ya sukari, ya moyo,
na kile kidonge cha njano ambacho kila bima hukiruka.

Maktabani, kijana wa kujitolea anamgeuzia kompyuta.
"Hii haina ada ya mwezi, bibi. Ina hata miwani."
"Daktari Halvorsen yumo?"
Kijana anatafuta. Anatafuta tena.
"Hayumo."
"Basi miwani hiyo nimtazamie nani?"

Ya nne ni ghali, dola arobaini zaidi,
lakini daktari yumo, na cha njano kimo.
Anahesabu kwa vidole: gazeti ataliacha.
Kahawa ya Ijumaa, hapana, hiyo ibaki.

Fomu inatoka kwenye printa ingali na joto.
Anatia sahihi kwa mkono wake,
polepole, herufi zote.