Mfuko wa Ndani

Ukurasa wa tisini na nne amenitaja,
si kwa jina: "fundi mmoja wa Kibokoni."
Basi ni mimi.

Suruali zile pana za mistari,
alizozivuta hadi kwapani
ukumbi mzima ukavunjika mbavu,
zimepita chini ya sindano hii.
Aliomba mfuko wa ndani, mdogo.
"Wa peremende," akasema, "za watoto wa watu."
Nikautia bitana laini, usimkwaruze.

Kitabuni ameandika kilichokaa humo.
Kete. Siku za maonyesho, mbili.

Umeme umekatika, nimesogeza kiti mlangoni.
Bado ananichekesha, marehemu:
alivyosinzia jukwaani, akakoroma wima,
watu wakapiga makofi
wakidhani ndiyo zamu ya kukoroma.
Nimecheka peke yangu, mpita njia akageuka.
Kisha nikairudia sentensi ile, polepole.

Kiuno chake nakijua kuliko mkewe:
arubaini, thelathini na sita, thelathini na moja.
Kila Idi nilipunguza.
"Umaarufu haunenepeshi, fundi."
Nami, pini mdomoni, nikacheka.

Hakuniandika kwa ubaya. Amesema
nina mikono myepesi.

Ile ya mwisho aliileta niibane tena,
hakurudi kuichukua. Ingali msumarini.
Leo nimeigeuza ndani nje,
nikashika wembe niufumue mfuko,
mkono ukatangulia kuingia.

Peremende moja,
imegandamana na karatasi yake.