Kete za Shaame

Saa nane za usiku, Limbani.
Nahesabu chafya za mtoto asiye na jina.
Tatu kwa mpigo, naandika.
Miayo minne, naandika.
Atetemeka hata usingizini, naandika,
na kalamu nayo yatikisika kidogo,
si kwa arosto, kwa uchovu wangu mimi.

Ana siku sita duniani
na mwili wake ushaanza kudai
deni ambalo hakulikopa.
Namtilia dawa kwa bomba lisilo na sindano,
tone, kisha tone, pembeni mwa shavu.
Namkaza kwa kipande cha kanga, mikono kifuani.
Taa nimeifunika taulo,
maana mwanga nao humuuma.

Raya, mamake, amekaa ukingoni mwa kitanda,
gauni limemganda mgongoni kwa jasho.
Aliniuliza kwa mara ya tano:
"Nesi, analia kwa sababu yangu?"
Chuoni tulifundishwa joto, mapigo, uzito wa nepi.
Nikamwambia, "Fungua vifungo. Mlaze kifuani, ngozi kwa ngozi."
Jibu jengine sikuwa nalo.

Nyumba hii ilikuwa ghala la karafuu.
Mvua ikinyesha, harufu hutoka ukutani
kama mtu aliyeitwa jina.
Wanawake tisa, watoto kumi na mmoja, vyoo viwili,
kabati moja la dawa,
na ufunguo wake nimeufunga fundo penye pindo la mtandio.
Mtaani wanaiita kwa mateja.
Muuza samaki akifika hapa
husukuma baiskeli yake upande wa pili wa njia.

Nikaenda kubadilisha shuka la Shaame,
kaka wa kichanga, miaka minne,
hukojoa kila akiota.
Nilipoinua godoro, zikaanguka.
Saba.
Karatasi ya daftari, imekunjwa mara mbili, kisha pembe,
kisha ulimi mdogo ukachomekwa ndani.

Kete.

Mkono ukenda wenyewe kwenye fundo la mtandio.
Sheria imebandikwa mlangoni, kwa hati yangu, wino mwekundu:
atakayekutwa nazo ataondoka asubuhi.
Nikamtazama Raya. Amefumba macho,
kichanga kifuani,
wawili hao wakipumua pamoja
kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nikazitoa barazani.
Ya kwanza: mchanga.
Ya pili: mchanga, na kikonyo cha karafuu.
Ya tatu alikuwamo sisimizi, mzima,
akashuka kidoleni kwangu akenda zake.

"Zangu hizo."
Shaame, kizingitini, kaptura imelowa.
"N'nauza. Wataka ngapi?"
"Nani kakufunza kukunja?"
Akanitazama kama niliyemuuliza
nani kamfunza kutembea.
"Bei gani?"
"Elfu mbili. We nesi, elfu."

Nilikuwa na kizibo cha chupa ya dawa mfukoni.
Akakigeuza, akaking'ata, akakubali.
Nikanunua zote saba.
Akazihesabu, akaruka nne, akafurahi.
"Kesho n'takunja nyengine."

Hapo ndipo miguu iliponiishia.

Ripoti ya zamu: chafya, miayo, shuka moja.
Mstari wa chini nikauanza, nikaufuta,
nikauanza tena, na adhana ya alfajiri
ikanikuta kalamu iko pale pale.

Raya alikuja na mtoto begani.
Akaziona mezani.
Mimi sikusema, na yeye hakusema.
Akaichukua moja, akaimwaga mchanga,
akaikunjua juu ya paja
na kuipiga pasi kwa kiganja, muda mrefu,
pembe hii, kisha ile,
mpaka mistari ya daftari ikaonekana,
na herufi moja ya Shaame, imepinduka.

"Leo ni saba," akasema. "Anyolewe, apewe jina.
Una wembe mpya?"

Ninao. Uko kabatini.
Nikamtazama vidole vyake,
vimetulia juu ya karatasi.
Nikaanza kufungua fundo.