Tarakimu Kumi na Mbili

Dukani kwangu, nyuma ya Sabasaba,
kuna kompyuta mbili, printa moja inayokohoa wino,
na bango nililoliandika kwa mkono wangu:
TUNAJAZA FOMU ZA CHUO NA MKOPO. ELFU TATU.
Kila Julai upepo wa Dodoma huniletea vumbi
na watoto wa kidato cha sita.

Godeliva Inamahoro alikuja na kundi la Hombolo,
matokeo kayakunja mara nne kwenye pindo la kanga.
Daraja la kwanza, pointi tano.
Fizikia, kemia, baiolojia.
Nikamwambia, binti, sikujui lakini najivunia.
Akacheka kwa Kigogo.

Jina, tukaandika.
Shule, tukaandika.
Kikaja kisanduku chenye kinyota chekundu,
kile kisichokubali kurukwa:
Namba ya Kitambulisho cha Taifa.

Namba ile ni tarakimu ishirini.
Nane za mwanzo ni siku uliyozaliwa,
mwaka, mwezi, tarehe.
Alizitaja bila kusita:
Agosti, mavuno ya pili,
mama alitua ndoo ya zabibu
akajifungua baina ya mistari ya mizabibu,
na mwenye shamba akaikata siku ile kwenye ujira.
Nane anazo.
Kumi na mbili hana.

Mama yake alivukia Manyovu, bado msichana.
Hakupita kambini. Hakuandikwa popote.
Kule alikotoka jina likiandikwa mchana
lilisomwa usiku, mlangoni, kwa tochi,
naye aliyesomwa hakuonekana tena.
Basi akaapa hataingia kwenye orodha yoyote,
na kiapo kile kikamwokoa,
na kiapo kile mwanawe anakilipia.

Nilikwenda naye kwa mtendaji wa kijiji, Bwana Chilongani.
Akatukaribisha ugali na mlenda wa safwe.
"Huyu ni wetu," akasema. "Msibani anapika na wanawake zetu,
barua za kiwanda ndiye anayenisomea."
Akaivuta droo, akautazama muhuri wake,
akairudisha droo taratibu,
kama mtu anayefunika chungu ambacho hakijaiva.
"Lakini muhuri, mwanangu, hauulizi nani alipika."

Njiani Godeliva akaniuliza:
"Uhamiaji si wako hapa hapa mjini?
Nikienda kuwauliza nifanyeje,
nitarudi?"
Mimi, mjazaji wa fomu wa miaka kumi na moja,
ninayejua hadi kisanduku cha ukurasa wa mwisho,
nikajifanya natafuta chenji mfukoni.

Siku ya mwisho mfumo ulifungwa saa sita usiku.
Wenzake waliondoka na mabegi mapya.
Yeye alirudi dukani asubuhi,
akachukua ufagio bila kuulizwa.

Sasa ni mwaka wa pili yuko nami.
Hajazi mtu upesi kama yeye:
mtoto wa Mpwapwa, mtoto wa Kondoa, mtoto wa Manyoni,
tarakimu ishirini zinamwagika vidoleni mwake
kama choroko kwenye ungo.
Akiona kijana amechagua uuguzi kwa kuogopa hesabu
humkalisha, humfundisha mole na uzani hadi giza,
na mimi huzima taa ya nje
ili wateja wasimkatize.
Tukifunga, huwa anasimama kidogo kizingitini.
Kule Chimwaga taa za chuo zimewaka kilima kizima.
Hasemi kitu. Anatikisa kufuli kuhakikisha.

Jana niliingia nikamkuta ameifungua rasimu yake,
ile ya mwaka ule, bado iko, mfumo haufuti.
Ameandika nane zake.
Kimshale kilikuwa kinapepesa
pale inapotakiwa ya tisa,
kinapepesa,
kinapepesa.

Mteja akapiga hodi, bahasha mkononi.
Godeliva akafunga ukurasa, akavuta kiti.
"Karibu, mdogo wangu," akasema.
"Namba yako unayo?"