Chumba cha Mizani

Kazi yangu ni kupima kinachopungua.
Kinachobaki kina wapenzi wengi,
kina wauzaji, kina picha kwenye karatasi za kung'aa.
Mimi nimeachiwa kilichotoka:
uzito wa pumzi ya sisimizi,
gramu iliyokatwa mara milioni.

Nogent, Januari. Kilima kimeshika barafu,
na viwanda vilivyokuwa vya mikasi na visu
sasa vinafua nyonga.
Moto ni uleule.
Kobalti, kromi, molibdeni kidogo kama chumvi:
metali yenye kiburi, isiyoshika kutu
hata ikilowa mwilini miaka ishirini.

Ghislaine Vauthrin huyaleta matufe asubuhi
kwenye trei ya sponji, kama mayai.
Miaka thelathini na moja ameyang'arisha
kwa gurudumu la kitambaa, kisha kwa vumbi la almasi,
kisha, akidhani hatumwoni, kwa kidole gumba.
(Kidole hicho hunilazimu kuosha upya.)
"Mkwaruzo huu hapa," husema, akiligeuza tufe chini ya taa,
nami sioni kitu ila uso wangu, mdogo, umepinda.
Yeye ameuona. Hulirudisha.
Baba yake alinoa mikasi ya washonaji;
alimfundisha kuwa chuma husema uongo kikitazamwa wima,
na ukweli kikiinamishwa.

Mashine yangu ina vituo sita.
Kila kituo, tufe ndani ya kikombe,
kikombe ndani ya maji ya manjano ya damu ya ndama,
na mzigo unashuka, unapinda, unapanda,
kisigino, unyayo, kidole,
hatua moja kwa sekunde, usiku na mchana,
safari isiyokwenda popote.
Kila nusu milioni naisimamisha.
Naosha, nakausha, nafunga mlango, nazuia pumzi,
naweka mizanini.

Chovya chovya humaliza buyu la asali.
Sawa. Lakini kilichochovywa kimekwenda wapi?
Metali haipotei. Inahama.
Tuliwahi kuwa na aloi moja, nzuri machoni,
iliyoyageuza maji kuwa meusi kwa miezi minne,
meusi kama ya kuoshea masufuria.
Bwana Delacôte aliitazama chupa muda mrefu,
akavua miwani, akakaa bila miwani.
Kazi ile ikafungwa. Chupa ninayo,
rafu ya juu, kinyume cha kanuni.

Mtembezi hula miguu yake, walisema wahenga.
Ghislaine ameila yake akiwa amesimama,
mguu wa kulia juu ya pedeli.
Vuli alianza kuchechemea. Trei ikatetemeka.
Eksirei: gegedu limekwisha, mfupa juu ya mfupa.
"Kama mlango wa banda," alisema,
"na aliyekuwa akiupaka mafuta amehama."
Hospitalini Langres aliomba jambo moja tu:
namba ya fungu.
Daktari akacheka, kisha akaona anacheka peke yake.

212-K.
Aliniambia kwa sauti ya mtu anayetaja shule ya mwanawe.
Nikafungua daftari. Matufe arobaini.
Moja lilikuwa kwangu, kituo cha nne.

Tangu hapo sijui niiteje hesabu yangu.
Yeye bado anajifunza kwenda msalani kwa magongo,
pacha wa tufe lake ameshatembea miaka mitatu.
Anazeeka kwa niaba yake,
gizani, ndani ya maji ya ndama,
ili atakapofika huko akute njia imefyekwa.
Usiku mmoja nilishuka bila sababu,
nikasimama mbele ya kituo cha nne
kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa, mikono mitupu.
Nikapima. Karibu hakuna. Nikapima tena.
Karibu hakuna si hakuna.

Aprili nilimwona kwenye ngazi za mtaa wa chini,
mkate kwapani, fimbo ameibeba kama mwavuli siku ya jua.
Nikaanza kuhesabu, mazoea mabaya:
kumi na moja, kumi na mbili.
Akageuka. "Unanipima, Anselme?"
Hapana, nikasema.
Akapanda zilizobaki.
Sijui zilikuwa ngapi.