Dhamana

Siku ya kwanza ulinipa mgongo.
Si mgongo, tuseme kweli: ulinipa makalio na mkia,
ukaendelea kung'oa nyasi za Kayenze
kana kwamba nimeletwa na upepo
na si na gari la ustawi wa jamii.

Nilikuwa na maneno. Kirumba nzima inajua nilikuwa na maneno:
niliwahi kumuuzia mtu petroli yake mwenyewe,
akashukuru, akaniachia chenji.
Nikakusemesha kama nilivyomsemesha hakimu,
kichwa upande, sauti ya kinda.
Ukainua mkia, ukajibu.

Daktari Nshoma, mtu wa ng'ombe tangu ujana wake,
aliyeachiwa farasi wanne na mmisionari aliyerudi kwao,
hakuniambia nikupende. Alinipa koleo.
"Anza na mavi," alisema. "Mavi hayana siasa."

Kisha ikaja kamba.

Ya bluu, ya nailoni, ileile ya kufungia mitumbwi.
Mwaka ule, mwaloni, saa kumi alfajiri,
walinikuta na dumu la lita ishirini, mpira bado mdomoni.
Hawakuita polisi. Waliita kamba.
Mikono nyuma, fundo la kivuvi,
lile ambalo kadiri unavyolivuta ndivyo linavyokaza.
Nililijua fundo lile.
Baba ndiye aliyenifundisha.

Basi Daktari aliponinyooshea ncha
mikono yangu ilikwenda nyuma yenyewe.
Na wewe, palepale, ukarudi kinyumenyume,
masikio yamelala, jicho limetoa weupe,
mpaka yale majabali yaliyopandana yakakuzuia.
Ndipo nikaona mguu wako wa nyuma, juu ya kwato,
duara lisiloota nywele.

Hakuna aliyeuliza.
Daktari akaitundika kamba kwenye uzio, akaenda kunywa chai.

Wiki tatu ilining'inia pale.
Ikanyeshewa. Ikapauka.
Wadudu wa ziwani wakapaa kama moshi, wakaivaa ikawa nyeusi,
wakafa, ikarudi bluu.
Tukawa tunaipita, mimi na toroli la mavi, wewe na kiu yako.
Siku moja uliinusa.
Siku moja niliigusa kwa kidole, kama anayeonja joto la uji.
Sijui nani alitangulia.

Waliokuita Dhamana walikuwa wanatania:
"Humu hatoki mtu bila huyu."
Lugola alikupanda mwezi wa pili, akapiga picha.
Ng'washi alitoroka na tandiko, akakamatwa Igombe akilinadi.
Mimi nilijifunza jambo moja,
kushika kamba bila kufunga:
kuiacha ilegee katikati kama wavu ulioanikwa,
ukienda, niende,
ukisimama, nijiulize nimewaza nini.
Maana ngumi niliyoikunja mfukoni
wewe uliisikia.

Sitasema nimepona. Neno hilo wanalipenda wageni.
Bado naamka saa kumi, mikono nyuma.
Juzi pochi ya Daktari ilibaki wazi mezani:
nilihesabu. Elfu themanini na saba.
Nikafunga zipu, nikaja bandani kwako,
nikakaa kwenye pumba hadi jasho likakauka.
Hukunisifu. Ulikuwa unakula.

Jumapili mama alikuja,
viganja vinanuka dagaa, sabuni imeshindwa.
Alisimama mbali, pindo la khanga mdomoni.
"Mnyama mkubwa hivi," alisema,
lakini macho yake yalikuwa kwenye kamba.
Kamba, mkononi mwangu.

Nikampa ncha.

Aliipokea kama sufuria ya moto.
Nawe ukanyoosha shingo, ukanusa kiganja chake,
ukanusa tena, polepole, kama anayesoma barua,
ukapiga chafya ukamlowesha mpaka kifuani.

Mama, ambaye hajacheka tangu siku ya hukumu,
alikutukana kwa Kisukuma, wewe na ukoo wako wote,
kisha akacheka, akacheka, akajifuta,
na kamba hakuiachia.