Kipimo cha Dozi

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa,
wakaenda zao kulala.
Hakuna aliyeandika kipimo:
vijiko vingapi, asubuhi au jioni,
na mgonjwa afanye nini
siku ambayo ugali wenyewe ni wa mkopo.

Nilijitibu peke yangu.
Nilikopa kwenye simu nikalipa duka la vitambaa,
nikakopa dukani nikalipa chama,
nikakopa chamani nikalipa simu,
na simu ikanishukuru kwa jina langu lote,
Rispa Nanjala Khisa,
ikanipandishia kiwango.
Mungu anisamehe, nilifurahi
kama mtoto aliyesifiwa mbele ya darasa.

Januari ikaja, shule ikaagiza sare zake Eldoret.
Sweta thelathini zikabaki kabatini, zimekunja mikono.
Simu zikaanza kulia alfajiri.
Walimpigia shemeji. Walimpigia katekista.
Walimpigia mwanamke wa Misikhu ambaye namba yake
nilikuwa nayo kwa sababu aliwahi kuniuzia kuku.
Yule wa kuku ndiye aliyeniuma zaidi.

Webuye ilipokuwa inatengeneza karatasi
upepo ulinuka mayai viza, nasi tukilalamika.
Sasa hewa ni safi
na kila mtu anadaiwa.

Jumamosi, nyuma ya kinu cha posho,
huketi kijana aitwaye Kundu na daftari la miraba.
Hatozi kitu, aliniambia mwenye kinu.
Bure? Hapa hata choo ni shilingi kumi.
Nilikwenda nimeficha pochi kifuani,
nikijua mtego upo, ila sijui umetegwa wapi.

Hakuniuliza kwa nini nilikopa.
Aliuliza: nani, kiasi gani, lini.
Nikataja sita. Akangoja.
Nikataja wa saba. Akachonga penseli, akangoja.
Wa kumi na moja nilimtaja nikitazama unga unavyomiminika:
mume wangu. Pesa za mabati. Hajui.

Akajumlisha. Ilikuwa kubwa,
lakini ilikuwa na tarakimu ya mwisho,
na mimi miezi yote hiyo
nilibeba kitu kisicho na pindo.

Akasema: usikope tena ili ulipe, hata mia.
Cherehani isiende rehani;
sikia yalivyofanana hayo maneno, usidanganyike.
Dukani nenda wewe kabla hawajakujia,
taja mia tatu kila Ijumaa, na waiandike, watie sahihi.
Wa simu waambie wakupigie wewe, si wa kuku.
Watasema polisi wako njiani. Nyamaza.
Watasema bosi ana hasira. Nyamaza tena, hapo watashusha riba.
Ukimaliza, dai cheti kwamba jina lako limetoka kwenye orodha.

Na mabati?
Akafunga daftari.
Hilo, mama, halina fomu.

Nikamwuliza umejuaje watakachosema.
Akapangusa unga magotini.
"Miaka miwili nilikuwa mimi.
Nairobi, ghorofa ya nne, spika masikioni.
Tulikatwa mshahara tukisema pole."

Ana sauti nzuri, ya chini, ya mtu aliyelelewa.
Nilidhani naikumbuka.
Sikumwuliza. Alinisindikiza hadi barabarani
na hakuna hata mmoja wetu aliyesema pole.

Ijumaa nilipeleka mia tatu. Mhindi wa dukani
alizihesabu mara mbili, akanipa kikaratasi.
Nimekibana ndani ya Biblia, kwenye Kutoka.

Usiku Khisa alirudi na matope ya miwa hadi magotini.
Mvua ilikuwa inapita kwenye paa palepale inapopitaga,
karai likiitikia.
Niliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani,
nikaivua futi kamba shingoni.
Kaa, nikamwambia.
Kuna kitu nataka tukipime wawili.

Akatazama juu kwanza, pale panapovuja.
Kisha akavuta kigoda.